Balozi wa Lifti Mbovu

Kipeperushi kile bado ninacho. Kipo kwenye droo ya jikoni, pamoja na betri zilizokwisha na funguo ambazo sijui tena ni za mlango gani. Kina picha ya mwanamume mrefu aliyesimama mbele ya lifti ya jengo letu, anapeana mkono na mbunge wetu, wote wawili wanacheka. Kila nikifungua droo kutafuta mkasi nakiona, na kila nikikiona kinanichefua. Binti yangu, anayeishi Pickering, nje ya Toronto, na hapendi takataka ndani ya nyumba, amenishauri mara nyingi nikitupe. Sitaki. Nataka kiendelee kunichefua, maana siku kitakapoacha kunichefua nitajua nimezeeka vibaya.

Ili nieleweke inabidi nianze na mama yangu. Mama alikuwa balozi wa nyumba kumi, Morogoro, enzi za chama kimoja. Kwa asiyezikuta enzi hizo: kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake, kiongozi mdogo kuliko wote wa chama, na balozi alijua kila kitu. Nani kajifungua, nani kapata mgeni kutoka mbali, nani kampiga mkewe. Akija mkubwa kutoka wilayani aliuliza, "Watu wako wakoje?" Mama akajibu, "Watu wangu wako sawa." Basi, mkubwa akaandika kwenye daftari kwamba watu wako sawa. Jioni mama alipita nyumba hadi nyumba, mimi nyuma yake nimeshika kanga yake, na kila nyumba ilimtolea kiti na kumwambia, "Tuko pamoja, mama balozi." Sikuwahi kusikia hata mtu mmoja akimwambia hapana. Nilidhani hiyo ndiyo siasa.

Nilifika Toronto na akili hiyo hiyo. Nikapanga upande wa magharibi wa mji, kwenye jengo la ghorofa kumi na nne lililozeeka kabla yangu, lenye lifti mbili ambazo moja ilikuwa mgonjwa siku zote na ya pili ilikuwa ikimwiga mwenzake. Kazi yangu ilikuwa kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza. Jioni nikirudi nilisalimiana na kila mtu. Wakongo, Warundi, Wakenya, Wasomali, wote tulikutana kwa Kiswahili, kila mtu na cha kwao. Kabla ya mwaka kwisha nilijua nani ni mgonjwa, nani kafukuzwa kazi, nani kaleta mama yake kutoka nyumbani. Hakuna aliyenituma. Ni damu tu.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilipata uraia, na uchaguzi wa bunge la jimbo ulikuwa umekaribia. Bwana mmoja alinigongea mlango. Alikuwa na kizibao chenye mifuko mingi na ubao wa kuandikia, na alikuwa meneja wa kampeni wa chama ambacho sitakitaja, wala rangi yake sitaitaja. Tulikuwa bado mlangoni majirani wawili wakapita wakanisalimia kwa furaha, kila mmoja akasimama kidogo kuuliza hali. Yule bwana akaacha kunitazama mimi, akawatazama wao.

"Unawafahamu watu wa hapa?" akaniuliza.

"Wote," nikasema.

Hapo ndipo nilipokwisha. Kichwa kilivimba, sijifichi. Nilikuwa mwanamke wa kugeuza wazee kitandani, na huyu hapa mtu wa siasa ananiuliza watu wangu wakoje.

Alinifundisha kazi. Orodha ya majina, na kila jina unaliwekea namba. Moja ni wetu. Mbili anaelekea kwetu. Tatu hajulikani. Nne achana naye, usimkumbushe hata siku ya kura. Unabisha hodi, unauliza, unaandika. Siku ya uchaguzi unarudi kwa wale wa moja tu, unahakikisha wametoka kwenda kupiga kura. Kituo chenyewe kilikuwa ndani ya jengo letu, kwenye chumba cha shughuli, ghorofa ya chini, karibu na mashine za kufulia.

Uchaguzi ule wa kwanza niliandika moja za haki. Watu walikuwa wamechoka na serikali iliyokuwepo, na walipoona kuna anayewauliza kwa lugha yao walifurahi kweli. Chama kilishinda jimbo zima. Kwenye sanduku letu, ambalo nilisimama kama wakala kuangalia kura zikihesabiwa, kura zetu zilizidi za wengine wote ukiwajumlisha. Tulicheza ngoma kwenye korido ya ghorofa ya tisa.

Nataja ghorofa ya tisa kwa sababu huko ndiko walikoishi rafiki zangu, mume na mke Wakongo kutoka Uvira. Yeye, mke, alifanya kazi ya usafi hospitalini na kuimba kwaya. Mume alikuwa fundi cherehani kwao. Hapa alishona magodoro kiwandani, na wikiendi alitushonea sisi sote. Mtu mrefu, mpole, mwenye kicheko kinachoanzia magotini.

Ulipokaribia uchaguzi wa pili, meneja aliniambia Mheshimiwa, mbunge wetu, anataka kukutana na watu wangu. Alisema hivyo, watu wangu. Nikapika pilau, nikakaanga sambusa, sebule yangu ikajaa mpaka watu wakakaa kwenye mikono ya makochi. Mheshimiwa alikuja. Alichokonoa pilau kwa uma kana kwamba anatafuta kitu kilichopotea humo ndani, akasifu harufu. Fundi alikuwa amemshonea shati la kitenge. Alikadiria vipimo kwa kumtazama kwenye bango, na shati lilimkaa Mheshimiwa kama lilizaliwa naye. Alilivaa palepale, juu ya tai yake.

Fundi akauliza swali moja tu. "Na hii lifti?"

Mheshimiwa alijibu kwa Kiingereza kirefu. Alisema anasikia kilio chetu. Alisema jambo hili liko moyoni mwake, kwamba wenye majengo wana wajibu, kwamba bungeni watalitazama suala la sheria ya lifti. Watu wakanigeukia mimi, mkalimani. Nami, mtoto wa balozi, nimesimama na bakuli la kachumbari mkononi, nikawaambia, "Anasema itatengenezwa. Na mimi nawahakikishia."

Hakusema itatengenezwa. Nilijua hakusema. Lakini mgeni yuko ndani, watu wamekula, fundi kashona shati, ningewaambia nini, kwamba analitazama? Nilitoa kwa jina la yule mtu ahadi ambayo yeye mwenyewe alikuwa mwerevu kiasi cha kutoitoa. Kwa hiyo nikianza kumtukana hapa, na nitamtukana, mjue najijumlisha.

Baada ya pilau tukashuka chini kupiga picha. Siku hiyo lifti ilifanya kazi, kwa ajili ya kutuaibisha tu. Mheshimiwa na fundi wakasimama mbele yake, mkono kwa mkono, kitenge kinang'aa. Chama kikashinda tena.

Lifti haikutengenezwa. Nilipiga simu ofisini kwake mpaka msichana wa mapokezi akawa anaijua sauti yangu. Kila mara aliniambia ujumbe umepokelewa. Niliandika barua, nikajibiwa kwa barua nzuri yenye nembo juu, inayonishukuru kwa kushiriki. Msimamizi wa jengo alisema kipuri kimeagizwa. Mwenye jengo hatukuwahi kumwona. Walibandika karatasi, "Samahani kwa usumbufu," na karatasi hiyo ikakaa mpaka ikageuka rangi ya chai.

Kisha fundi akapata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, wakati wa kwenda kazini. Lifti moja imekufa, ya pili imekwama katikati. Watu wa gari la wagonjwa walimteremsha kwa ngazi, ghorofa tisa, huku mkewe akiwafuata na viatu vya mumewe mkononi. Sijui kama dakika zile zingebadilisha kitu, daktari hakusema na sisi hatukuuliza. Alirudi baada ya muda mrefu akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, wa kushoto ulitetemeka, na maneno yalimtoka moja moja. Siku aliyorudi lifti ilimpandisha. Baada ya hapo hakushuka tena. Mkewe aliogopa kumshusha leo lifti ikiwa nzima, kisha irudi kufa wakiwa bado chini. Akawa anakaa dirishani, anatazama barabara na treni za abiria zikipita, mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu mpaka sokoni kwa kupenda tu.

Basi ukaja uchaguzi wa tatu, na mimi nikachukua ubao wangu nikaenda kubisha hodi. Ndiyo, nilienda. Nilijiambia chama ni kikubwa kuliko Mheshimiwa mmoja, kwamba sheria huchukua muda, kwamba wale wengine ni wabaya zaidi. Nilikuwa na maneno mengi kama mtu aliyechelewa kazini.

Milango ilifunguka kama zamani. Karibu mama, kaa, chai ipo. Nikiuliza kuhusu kura, mmoja alisema "Tuko pamoja," mwingine "Tutaangalia," mwingine "Mungu akipenda." Nikaandika moja, moja, moja. Sasa mimi ni Mswahili. Najua kabisa mtu wa kwetu akikwambia "tutaangalia" huku anakuongezea sukari amekwambia nini. Ningekuwa naomba kuazima gari ningeelewa mara moja. Lakini nilikuwa na ubao, na ubao una nafasi ya namba, na meneja alikuwa ananiita malkia wa moja mbele ya wote pale ofisi ya kampeni. Nikaandika.

Juma lililofuata nilipewa mafungu ya vipeperushi nivipitishe chini ya milango. Nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka, sikuvitazama. Ghorofa ya nne, ya tano, ya sita, nainama, nasukuma, naenda. Kwenye mlango wa fundi nikainama, nikasukuma, na kipeperushi kilipokuwa nusu ndani nusu nje ndipo nikaiona picha. Ile ile ya mbele ya lifti. Fundi amesimama kwa miguu yake miwili, mkono wa kulia umeshikwa na Mheshimiwa, na juu yake maneno makubwa: Tunasimama Pamoja Nanyi.

Nilikivuta. Upande wa pili kulikuwa na mtu ameshakishika, nacho kikaniponyoka.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe alisimama pale na kipeperushi mkononi. Nilingoja matusi, na ningeyastahili.

"Ingia, mama, usisimame mu mlango," akasema. "Chai iko."

Niliingia. Alikiweka kipeperushi mezani, mbele ya mumewe, akaenda kumimina chai. Fundi akakitazama muda mrefu. Akakigusa kwa kidole cha mkono wa kushoto, pale kwenye shati la Mheshimiwa, kwenye mshono wa bega, kisha akacheka kwa upande mmoja wa uso.

"Bega," akasema. "Nilipatia."

Sijawahi kuona aibu namna ile. Na nilipotoka pale, nikiwa kwenye ngazi, nimeshika ukuta, nilifungua orodha nikatafuta majina yao mawili, nikaandika moja na moja. Ni mkono huu huu ninaoandikia sasa.

Kwenye sanduku la jengo letu kura za chama zilipungua karibu nusu. Nilisimama na beji yangu ya uwakala nikiangalia karatasi zikienda kwenye fungu la wengine. Meneja alikunja uso. "Si ulisema wote ni moja?" Nikamwambia ilinyesha mvua. Ni kweli ilinyesha, lakini kituo kilikuwa ndani ya jengo, na mtu anaweza kupiga kura na malapa. Hakuliona hilo. Chama kilikuwa kimeshinda tena kwingineko, kwa tabu, na mshindi haulizi maswali.

Kuanzia hapo chama kilianza kuoza kwa jumla. Sikuhitaji redio kuniambia, ingawa redio ilisema kila siku. Pickering kwa binti yangu, kazini kwao hakuna aliyekitaja bila kuzungusha macho. Kule nyumba ya wazee hata bibi mmoja aliyesahau majina ya watoto wake hakusahau kukitukana chama. Bili za umeme, kashfa, ahadi zilizotolewa mara tatu, viongozi wanaojipongeza wenyewe. Jimbo zima lilikuwa linakigeuzia mgongo, na pale ofisini watu walikuwa wanaulizana kwa nini wapiga kura hawaelewi. Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. Walipoteza watu kila siku na wakawa wanawaona watu ndio wenye kasoro. Binti yangu aliniambia kwa Kiingereza, lugha anayonijibia siku zote, kwamba natumiwa. Nikamwambia kwa Kiswahili anyamaze. Alikuwa sahihi.

Uchaguzi wa nne ulipokaribia, meneja alikuja na orodha mpya. Kumbe kila namba niliyoandika tangu mwanzo walikuwa wameitunza. Akanionyesha jengo letu: moja tupu, ukurasa baada ya ukurasa. "Kwingine tunazama," akasema, "lakini hapa kwako ni ngome." Alisema kwa unyonge, na nikaona kwamba yule mtu ananiamini kweli. Alikuwa anaegemea ukuta nilioujenga kwa chai ya watu.

Juma moja kabla ya siku yenyewe Mheshimiwa alikuja kwa ajili ya picha mpya. Alisimama ukumbini, chini, akapiga makofi mara moja.

"Yule mzee wa shati bado yupo?" akaniuliza. "Tupige naye tena."

"Yupo," nikasema. "Ghorofa ya tisa. Anaumwa, hawezi kushuka. Na lifti hazifanyi kazi leo. Twende tu kwa ngazi."

Mheshimiwa akautazama mlango wa ngazi. Akatazama saa yake. Akaniwekea mkono begani, kwa upole ule wao, akasema, "Mpe salamu zangu."

Wanawake wa jengo lile walikuwa wanapanda ngazi zile na mifuko ya unga na watoto mgongoni. Mtu aliyetaka kura zao alishindwa hata kuzijaribu hizo ngazi. Nilimwangalia akitoka nje kwenda kwenye gari, anajipangusa kiganja alichoniwekea begani, labda kwa jasho tu, lakini nilimchukia kama mtu anavyochukia harufu.

Nilipanda ngazi mwenyewe mpaka kwa rafiki yangu, mke wa fundi. Nilimkuta anakunja nguo. Sikukaa.

"Niambie ukweli," nikasema. "Ulikipigia kura chama changu mara ya mwisho?"

Aliendelea kukunja nguo. "Hapana, mama."

"Na mumeo?"

"Yeye hakushuka. Lakini miye, hapana. Tangu ile mambo ya asansere, ya hii lifti, hapana. Na si miye peke yangu. Hii nyumba yote. Vraiment, kweli, mama, ulikuwa hujui?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko kupigwa kofi. "Weye unapanda ngazi na makaratasi yako, umetoka kazi, jasho mu uso. Uko dada yetu. Nikwambie hapana, nikufungie mlango? Tuliona haya. Tukakupa chai."

Nikamkumbuka mama yangu na viti vyote alivyotolewa. Nyumba kumi, kila jioni, tuko pamoja mama balozi. Alikufa akiamini watu wake wako sawa. Nilikaa kwenye kitanda cha watu, juu ya nguo zilizokunjwa, nikalia kwa hasira.

Fundi alikuwa ananisikia kutoka dirishani. Akaita. Tulipomwendea alisema neno moja, polepole, akilisukuma. "Nishushe." Mkewe akamwambia lifti imekufa, bwana yangu, unajua. Akarudia. "Siku ya kura. Nishushe."

Tuliulizia ofisi ya uchaguzi. Wakatuambia ipo njia ya mgonjwa kupigia kura nyumbani, na kwamba muda wa kuiomba ulikuwa umepita siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Mimi, mtu wa kampeni nne, sikujua.

Siku ya uchaguzi ilikuwa na jua zuri. Lifti zote mbili zilikuwa zimekufa, karatasi ya samahani imebandikwa juu ya karatasi ya samahani. Saa nane mchana nilipanda na Mkenya wa ghorofa ya nne, dereva wa malori mwenye mabega ya maana, na ndugu wawili wa Kirundi. Beji yangu ya chama ilikuwa kifuani. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni, meneja anataka kujua kama nimewatoa wale wa moja.

"Mathe, wewe shika nyuma, sisi tutabeba uzito," Mkenya akasema. "Pole pole, wasee. Huyu si godoro."

Fundi akacheka, maana alishona magodoro miaka mingi. Tukamfunga kwenye kiti kwa kanga mbili. Tukashuka ngazi kwa ngazi, tunapumzika kila ghorofa, na kila tulipopumzika milango ilifunguliwa na watu wakatoka kumsalimia, wengine hawakuwa wamemwona tangu augue. Majina yao yote nilikuwa nayo kwenye orodha. Mmoja baada ya mwingine waliiona beji yangu, wakamwona fundi, wakaangalia chini. Kufika ghorofa ya tatu mikono yangu ilikuwa haina nguvu tena, na nilijua vizuri ninabeba nini. Nilikuwa namshusha mtu akakiangushe chama changu, na sikutaka kitu kingine chochote duniani isipokuwa afike.

Kwenye chumba cha shughuli walimpa karatasi. Mkono wa kushoto haukuweza kushika kalamu, na macho hayakusoma tena majina madogo. Mama wa uchaguzi, mtu mwenye subira, alieleza kwamba mpiga kura anaweza kusaidiwa na mtu anayemwamini. Mkewe akasogea. Fundi akatikisa kichwa. Akanyoosha kile kidole kinachotetemeka, akanielekezea mimi.

"Huyu," akasema.

Nilimwambia haiwezekani, mimi ni wakala wa chama, tazama beji. Akanyanyua kidole tena, kwa hasira kidogo safari hii. "Huyu. Huyu."

Mama wa uchaguzi akasema beji itoke. Nikaitoa nikaiweka kwenye mkoba. Akaniapisha: nitaweka alama pale anapotaka mpiga kura, na sitamwambia mtu yeyote amemchagua nani. Nikaapa. Nimewahi kuwahakikishia watu mambo mengi kwenye jengo lile, lakini kuapa ilikuwa mara ya kwanza.

Tulikwenda nyuma ya kile kibanda cha karatasi ngumu, mimi na yeye. Nilimsomea majina, moja moja, kwa sauti ya chini. Nilipofika kwa Mheshimiwa nililisoma jina lake kama mengine, bila kulikandamiza wala kulipamba. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia. Niliweka alama pale aliponiambia, alama nene, nikamwonyesha, akaikubali.

Ilibidi akae chini mpaka jioni kabla hatujapata nguvu za kumpandisha. Tulimweka nje, kwenye nyasi, viatu amevua.

Chama kilianguka jimbo zima. Mheshimiwa alianguka nacho, na sanduku letu lilikuwa miongoni mwa yaliyomwangusha vibaya. Siku mbili baadaye nilikwenda ofisini kurudisha ubao. Meneja alikuwa peke yake, anapakia mabango kwenye masanduku, na orodha yangu ilikuwa wazi mezani. Hakunigombeza. Aliweka kidole kwenye ghorofa ya tisa.

"Huyu mzee wa shati," akasema. "Angalau yeye, alitupigia?"

Miaka yote nilikuwa namjibu swali hilo bila kupepesa.

"Nimeapa," nikamwambia, nikauweka ubao mezani, nikaondoka.